Kabla ya Kufunga Maji

Juzi binti mmoja alifika hapa kwangu Songo, Uvira, kwa pikipiki, mkoba wa kompyuta mgongoni, viatu vumbi tupu. Anafanya kazi katika mradi mmoja wa maji. Akanisalimia vizuri, akakaa, nikamwekea chai, na kabla chai haijapoa akasema: “Mama, shefu amenituma nichukue leçons apprises zako, masomo uliyojifunza kazini. Fomu iko hapa. Haitapita dakika makumi mbili.”

Dakika makumi mbili! Nilicheka mpaka jirani akachungulia. Nimefanya kazi ya miradi tangu nikiwa msichana wa kubeba daftari la ingenia, mhandisi wetu, hadi nikawa shefu wa mradi mwenyewe, na mtoto huyu anataka niyamwage yote kabla kikombe hakijaisha. Nikaitazama fomu yake. Visanduku vitatu: nini kilienda vizuri, nini hakikuenda vizuri, mnapendekeza nini. Eee, fomu hiyo tunajuana. Nimeijaza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuijaza huku namenya mihogo.

Nikamwambia: “Mutoto wangu, usiniulize nilijifunza nini. Uniulize ile nilijifunza niliitumia wapi.”

Hakuwa na kisanduku cha jambo hilo. Lakini heshima yake nampa: alifunga kompyuta, akamwambia mwenye pikipiki aende kutafuta wateja wengine, akabaki nami mpaka mchana. Niliyomwambia yeye ndiyo ninayowaandikia na ninyi vijana mlioingia kazi za miradi juzi na jana, mnaotembea na tablet kifuani. Sina ugomvi na tablet. Nina ugomvi na kosa moja tu, la kufanya mara ya pili jambo ambalo wewe mwenyewe uliandika kwa mkono wako kwamba lisifanywe. Kosa hilo nililifanya Bwegera, na aliyeumia si mimi.

Nitafika Bwegera. Lakini bado pananiuma, kwa hiyo mnivumilie nianze na kosa la kuchekesha.

Hapa hapa Uvira tulijenga mabomba ya mtaa, yale ya ukuta mfupi wenye robine mbili za kufungulia maji, wamama wanakuja kuchota. Kazi safi, simenti nzuri, picha tukapiga. Siku ya kufungua, mama wa kwanza akaleta bidoni lake la manjano la lita ishirini, akalisukuma chini ya robine. Likagoma kuingia. Robine ilikuwa imeshuka kwa upana wa kiganja. Kumbe aliyechora alipima kwa ndoo. Ndoo! Jamani, hapa Uvira nani anachota maji ya kunywa kwa ndoo? Ikabidi wamama walaze bidoni ubavu, linajaa nusu, maji mengine yanawamwagikia. Kila asubuhi nikipita kwenda biro, ofisini kwetu, nasikia sauti kwenye foleni: “Mama Shantie, aksanti kwa maji ya miguu!”

Mama Shantie ndilo jina walilonipa, kwa sababu kila mtu akiulizia niko wapi aliambiwa niko shantie, pale wanapojenga.

Basi tukaandika somo: vipimo vya bomba vifuate chombo cha wenyeji. Sentensi nzuri kabisa, mkubwa wetu aliisifu. Mradi uliofuata, mtaa mwingine, robine zikatoka fupi tena. Mnashangaa? Msishangae. Somo lilikuwa ndani ya rapori, ile ripoti ya mradi, rapori ilikuwa ndani ya kabati, na mwashi anayepanga matofali hakuwahi kuliona hilo kabati. Mara ya tatu niliacha kuandika. Nilichukua mti, nikausimamisha kando ya bidoni, nikaongeza kiganja kizima, nikakata. Nikampa mwashi: “Papa, robine isishuke chini ya hiki kijiti.” Alikipoteza baada ya wiki, akakata kingine yeye mwenyewe bila kuniuliza. Tangu siku ile hakuna bidoni lililolazwa ubavu kwenye bomba langu.

Nilijiona mjanja sana kwa ajili ya kijiti kile. Nilikwenda nikiwaambia wenzangu kwamba somo litoke kwenye karatasi, likae pale mkono unapofanya kazi. Na ni kweli, nawaambia na ninyi leo: mkijifunza kitu, kabla hamjafungua kompyuta, jiulizeni ni nani atakayefanya kosa hili kesho, na ana nini mkononi saa hiyo. Mwashi ana mwiko. Dereva ana usukani. Mwenye stoo ana ufunguo. Mtafuteni huyo, mkampe kitu cha kushika. Tatizo langu ni kwamba kuna masomo yasiyokatika kama mti, na mimi sikujua.

Aliyenifundisha kazi hii ni ingenia mmoja aliyeitwa Kalimba, mtu mrefu, mkavu, mchoyo wa maneno. Tulikuwa tunatengeneza mfereji wa mpunga kule Bwegera, kwenye uwanda wa Ruzizi. Maingenia wengine wakienda kukagua mfereji walisimamisha gari kwenye lango la maji, kichwani, mahali penye barabara na kivuli. Wanaona maji yanapita, wanaandika maji yapo, wanarudi Uvira kula mikeke, samaki wa ziwa letu. Kalimba alipitisha gari hapo bila hata kugeuza shingo. Alikwenda mpaka mwisho kabisa, mkiani, ambako mfereji umekuwa mwembamba kama mkono wa mtoto, ndipo tunashuka na kupanda kwa miguu, tope hadi kwenye magoti, saa nzima na nusu. Nililichukia zoezi lile kwa moyo wangu wote.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. “Ingenia, juu ya nini tusianzie kule juu sawa bengine?”

“Kule juu maji iko siku zote,” akasema. “Utajifunza nini?”

Basi. Hayo ndiyo maelezo yote niliyowahi kupata.

Lakini hata Kalimba alikosea, na namna alivyokosea ndiyo nataka mwishike. Ukuta wa mfereji ulibomoka, akafunga lango ili tuutengeneze. Siku nne tu, alisema. Siku ya tatu mama mmoja mzee akaingia ofisini bila kubisha, tope bado miguuni, na fungu la miche ya mpunga iliyonyauka. Akaliweka juu ya meza, juu ya michoro yetu. “Hii sasa ni yako,” akamwambia, akatoka. Kalimba aliitazama ile miche. Akainuka, akaenda kwenye lango, akalifungua kwa mkono wake, na ukuta wetu uliokuwa nusu ukaenda na maji. Miche ya yule mama ikapona, ya wengine pia.

Aliporudi alikaa, akaniambia: “Andika.” Nikaandika anavyotamka: Usifunge maji kabla ya kutembelea vitalu vyote kwa miguu, kuanzia mkiani. Akaniambia nipige mstari chini yake. Nikapiga miwili.

Kwa ajili ya ninyi mliokulia mjini, nieleze. Mbegu ya mpunga inalowanishwa, inamwagwa kwenye kitalu, inakuwa miche. Inakaa humo wiki tatu, ikizidi sana nne, kisha inang’olewa na kupandikizwa shambani, ndani ya maji. Ukiichelewesha inazeekea kitaluni, na hata ukiipanda haikupi kitu cha maana. Kwa hiyo maji yakikosekana katika wiki zile chache, umekosa mavuno yote.

Miaka tisa ikapita. Kalimba alistaafu akarudi kwao. Njia ya uwanda ilifungwa na kufunguliwa kwa sababu za vita mnazozijua. Nikawa shefu. Ukaja mradi mwingine, mkubwa kuliko ule, wa kujenga upya mfereji ule ule wa Bwegera kwa kuta za beto, zege ya simenti. Kalenda tuliipanga ofisini: kufunga maji wiki tatu, katika kipindi ambacho karatasi zote zinasema mashamba yamelala. Simenti ilikuwa imefika. Mradi ulikuwa umebakiza miezi michache, na kuomba muda wa ziada ni barua kumi na majibu mawili. Nilikuwa na haraka, nawaambia ukweli. Nilikwenda kwa komite ya mfereji, nikamuuliza prezida, mwenyekiti wake: kuna mtu aliyelowanisha mbegu? Akasema hakuna. Akatia sahihi. Nikarudi nimefurahi.

Hakunidanganya. Kwake hapakuwa na mbegu iliyolowanishwa. Shamba lake liko kichwani, hatua chache kutoka kwenye lango.

Tukafunga Jumatatu. Jumanne tukamwaga beto ya kwanza. Jumatano, nikiwa nasimamia vijana wanaochanganya mchanga, nikamwona mama anakuja kwenye ukingo wa mfereji, anatembea haraka, kitenge amekifunga kiunoni kwa nguvu. Jina lake Mama Nyota. Ni mjane mwenye watoto wanne, na shamba lake ni la mwisho kabisa, pale mfereji unapokufa. Nyumba yake yote inakula kutoka kwenye shamba lile hadi mwaka unaofuata. Hana la pili.

“Mama Shantie, munafunga maji juu ya nini?”

“Tunajenga, Mama. Wiki tatu tu.”

“Minye miche yangu iko na siku makumi mbili.”

Nikajibu jibu la kipumbavu, lile mnalolijua ninyi nyote: “Lakini komite ilitia sahihi.”

“Komite ni nani? Prezida?” Akacheka kicheko kibaya. “Prezida maji inamukutaka mu kitanda. Siye ba mkiani tunatanguliaka kulowanisha mbegu mbele ya bantu yote. Tukingoja kupanda pamoja nabo, bote banafungua maji siku moja, yetu haifike. Kila muntu hapa anajua. Weye haujue?”

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimetembea mfereji ule na Kalimba kutoka mkiani mara ngapi sijui, na nilikuwa nimeona vitalu vya kule vikiwa kijani wakati vya juu bado ni udongo mtupu. Nilijua kama unavyojua njia ya kwenda kanisani. Lakini siku ile ya kupanga kalenda, kujua kwangu kulikuwa kumelala, na hapakuwa na mtu wa kukuamsha.

Kufungua lango hatukuweza. Beto ya siku moja ukiipitishia maji inaondoka nayo. Nikamwambia: “Mama Nyota, nitapitisha maji pembeni. Jumamosi itafika kwako.”

“Unasema kweli?”

“Minye ninasema.”

Nilitoa neno langu bila kupima hata hatua moja. Vijana, mtu akiwa na aibu anaahidi haraka sana, mjihadhari na saa hiyo.

Nilikumbuka kwamba zamani kulikuwa na mtaro wa kutolea maji ya mvua kando ya mfereji, na kwamba mchoro wake ulikuwa kwenye rapori ya Kalimba. Nikarudi Uvira mbio, Kiliba njiani naipita siioni, nikafungua kabati la ofisi, nikatoa mafaili hadi sakafuni. Nikaipata rapori. Nikapekua kutafuta mchoro, na nikakutana na mwandiko wangu. Usifunge maji kabla ya kutembelea vitalu vyote kwa miguu, kuanzia mkiani. Mistari miwili chini yake, myeusi, nilivyoikaza kalamu siku ile.

Nilikaa chini pale pale kati ya mafaili. Ingekuwa mtu mwingine aliyeandika, ningepata wa kumlaumu. Ningesema hawakutuachia habari, walificha, waliondoka na funguo. Ilikuwa mimi. Kabati lilikuwa nyuma ya kiti changu, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikilitundikia mwamvuli.

Alhamisi tukaanza kuchimba. Kila mtu, hata dereva, hata mwenye stoo. Tukaufufua ule mtaro wa zamani, tukapanga mifuko ya mchanga, tukatandika maturubai pale udongo ulipokuwa mlegevu. Jumamosi saa nne asubuhi maji yakapita pembeni ya beto yetu, vijana wakapiga kelele za furaha. Nikapanda pikipiki kwenda mkiani kuyangoja.

Jumamosi hayakufika. Mfereji uliokauka siku tano unakunywa kwanza wenyewe. Jumapili yalifika nusu ya njia. Watu wa katikati, ambao na wao walikuwa na vitalu vichache, wakajichotea, na ningewakataza kwa mdomo gani? Jumanne mkiani palipata unyevu, tope jepesi la kuchafua kisigino. Mama Nyota na watoto wake walipandikiza kona moja. Sehemu iliyobaki ilikuwa ngumu, jembe linaruka.

Niliporudi baada ya wiki mbili nilimkuta anakata miche kwa panga na kuwatupia mbuzi wa jirani. Ilikuwa imerefuka, ya manjano, imezeeka. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane. Alinyoosha mgongo, akanitazama, akasema: “Bambuzi banashukuru, Mama Shantie.” Akaendelea kukata.

Nilirudi kwenye gari nikalia mbele ya dereva bila kujificha.

Kuta za beto zilikwisha kwa wakati. Nzuri, zimenyooka, mpaka leo zipo. Tukafanya warsha ya kufunga mradi kwenye hoteli moja hapa Uvira, karibu na ziwa, na mwongozaji akatugawia vikaratasi vya rangi tuandike masomo. Nikaandika la kwangu. Mkubwa wetu aliyetoka Bukavu akalisoma, akakunja uso. Akapendekeza tuseme hivi: “Ilibainika kwamba mawasiliano na baadhi ya wanufaika hayakutosha.”

“Ilibainika na nani, shefu?” nikauliza.

“Mama, ni lugha ya rapori.”

“Basi rapori ijifunze lugha yetu. Mimi nilifunga maji. Mimi nilijua. Bamama ya mkiani wamekosa msimu. Andikeni hivyo ama mtafute mwingine wa kutia sahihi.”

Walinung’unika, wakasema nina kichwa kigumu, lakini waliandika. Na mimi nikajisikia nimetubu. Nikachukua nakala, nikapanda hadi Bwegera, nikamsomea Mama Nyota mlangoni kwake, neno kwa neno, nikimgeuzia Kifaransa kuwa Kiswahili. Jina langu lilikuwamo, na lile somo la Kalimba nililolisahau kabatini. Nilidhani atafurahi kidogo, au angalau atanikaribisha kiti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: “Na ile ya kwanza, ya pamoja na Kalimba, ulikuwa umeandika vibaya?”

“Hapana. Niliandika vizuri.”

“Sasa hii njo itafanya nini?”

Nilisimama pale na karatasi zangu, jua linanichoma shingo. Hakuwa ananikomoa, msimwelewe vibaya. Alikuwa anauliza swali la kawaida, kama mtu anayeuliza jembe hili linakata au halikati. Na katika miaka yangu yote ya warsha, hakuna mwongozaji aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Mwishowe akanihurumia, ama alichoka kuniona nimesimama. “Chukua namba yangu,” akasema. “Siku unataka kufunga maji, fasi yoyote, unipigie kwanza.”

Nilijibu ndiyo, kama mtu anavyojibu ili aondoke. Lakini njiani, kabla hatujafika Sange, nilikuwa nimeanza kuelewa alichonipa. Kimo cha robine kinakatwa kwenye mti, kinabaki vile vile mwaka hadi mwaka. Kitalu cha mkiani hakina kimo. Mwaka huu mvua zinawahi, mwaka mwingine zinachelewa, mtu analowanisha mbegu kulingana na anavyolisikia anga. Somo la namna hiyo huwezi kumpa mwashi alishike. Linahitaji mtu anayelijua kwa tumbo lake, asimame mbele ya kazi, na awe na ruhusa ya kuizuia.

Ruhusa, vijana. Hapo ndipo pagumu. Kushauriana na watu tunajua sana, tunawaita, tunawapa soda, wanasaini orodha ya waliohudhuria. Kumpa mtu uwezo wa kusema hapana, na hapana yake isimamishe lori, hilo tunaliogopa.

Mradi uliofuata ulikuwa kijiji kingine cha uwanda huu huu, mfereji mwingine, kazi ile ile. Safari hii kabla ya kupanga tarehe yoyote nilitoa rapori zote za zamani kwenye kabati, nikakaa nazo siku tatu. Kila somo nililolikuta niliuliza: kosa hili likirudi, litarudi wiki gani ya kalenda yetu? Nikaliingiza katika wiki hiyo, kama kazi, na jina la mtu wa kuifanya. Mengine yalikuwa maneno matupu, hayakuingia wiki yoyote, nikayaacha. Nawashauri na ninyi mfanye hivyo. Mtagundua kwamba nusu ya masomo yenu hayakuwa masomo, ilikuwa heshima kwa wafadhili.

Na kwenye mstari wa kufunga maji niliandika: baada ya Mama Nyota na wamama wawili wa mkiani mwa mfereji huu kutembelea vitalu na kukubali.

Mjumbe wa wafadhili alipoipitia kalenda alisimamisha kidole. “Huyu Mama Nyota ni nani? Ana cheo gani?”

“Kazi yake ni kukataa,” nikamwambia.

Alidhani natania, akapitisha.

Ikafika siku. Marundo ya mchanga tayari, waashi wamefika kutoka Uvira, malori mawili ya simenti yamesimama karibu na lango, na mjumbe mwenyewe amekuja na mpiga picha. Mama Nyota, niliyempigia kama alivyoagiza, alikuwa amefika mapema kwa pikipiki. Aliondoka asubuhi na wamama wawili wa kijiji kile kuelekea mkiani, kwa miguu. Sisi tukabaki langoni tunangoja, mjumbe anatazama saa yake, waashi wamekaa juu ya mifuko. Walirudi jua likiwa kichwani. Mama Nyota alikuwa na tope hadi kwenye magoti. Aliniita pembeni, lakini kila mtu alisikia.

“Hapana,” akasema. “Kuko vitalu saba. Vingine iko ya juzi tu. Mungoje siku makumi mbili na mbili.”

Mjumbe akaruka. Akasema haiwezekani, kuna mkataba, kuna mwisho wa mradi, mvua inakuja. Akasema vitalu saba ni vichache, tutawafidia. Mama Nyota alinitazama mimi. Hakuwa anaomba. Alikuwa anataka kujua kama ile kazi aliyopewa ni ya kweli ama ni soda nyingine.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Niliwaambia waashi wapakie vyombo, nikamwambia dereva wa lori atafute pa kulaza simenti pakavu. Mjumbe akaniambia nitajibu kwa maandishi. Nikamwambia nitaandika, kuandika sijawahi kushindwa.

Tulingoja siku makumi mbili na mbili. Barua zilikuja, kali, nikazijibu moja moja. Waashi wawili walituacha wakaenda kutafuta kazi Bujumbura. Mvua ikatutisha mara mbili, ikapita.

Siku ya makumi mbili na tatu Mama Nyota alirudi. Akashuka tena mkiani na wale wamama wawili, wakatembea vitalu vyote saba, vyote vitupu, miche yote imesimama shambani ndani ya maji, ya kuwatosha mpaka sisi tumalize. Wakapanda polepole hadi kwenye lango. Kijana wetu mmoja akataka kushika gurudumu la chuma ili afunge. Mama Nyota akamsogeza kwa kiwiko. Akakaza kitenge, akashika gurudumu kwa mikono miwili, akalizungusha, likalia, akalizungusha tena, mpaka maji yakakatika na tope la chini likaonekana.

Akajipangusa mikono, akatugeukia.

“Sasa mujenge,” akasema.